Ukurasa Nilioruka

Machi 4

Mvua imeanza na kazi imepungua nusu. Kwenye duka letu la dobi, mvua ikinyesha tunapata wateja wa aina mbili tu: anayetaka shati lake leo, na anayetaka kujua kwa nini hakulipata jana. Chumba cha kukaushia kinabeba mashuka arobaini, na hoteli peke yake imeleta themanini. Mwenye duka ametugawa kwa zamu. Mimi nimepewa asubuhi, kwa hiyo saa nane nimeshafika nyumbani.

Baba amefurahi kuliko mimi. Wiki iliyopita alipasuliwa mtoto wa jicho. La kulia limefungwa bandeji, la kushoto linangoja zamu yake, na daktari amemkataza kusoma mpaka mwisho wa Mei. Chini ya kitanda ana vitabu saba, vyote vya maisha ya wanamuziki wa jazi. Vingine wamejiandikia wenyewe, vingine wameandikiwa na watu.

"Saa kumi kila siku," amesema, "uje na chai na sauti yako. Na ununue daftari, uwe unaandika. Msomaji asiyeandika ni bomba tu, maji yanapita."

Basi hili ndilo daftari. Nina miaka arobaini na mitatu na bado napewa kazi za nyumbani na baba yangu.

Machi 6

Kitabu cha kwanza: mpiga piano. Kumbe alikuwa na wake watatu katika miji mitatu, na wote walikutana siku ya mazishi yake, kila mmoja na maua yake, kila mmoja akiuliza wale wengine wawili ni dada zake au vipi. Nilibaki mdomo wazi. Nilimuuliza baba kama watu hawa walikuwa wanapiga piano saa ngapi. Alicheka hadi akashika bandeji.

Mama hakucheka. Cherehani yake iko palepale sebuleni, chini ya dirisha, kwa hiyo anasikia kila neno apende asipende. Mguu ulikuwa umesimama, vidole vinagongagonga kitambaa. Mama na muziki hawapatani. Redio ikipiga wimbo, hutoka akaanue nguo hata kama kamba ni tupu.

Machi 9

Mvua. Shuka la hoteli limepotea. Limepatikana, nilikuwa nimelikalia.

Machi 13

Leo njiani mzee mmoja kanisimamisha chini ya mwavuli: "Wewe si binti yake Pumzi Ndefu? Msalimie sana!" Hadi leo, miaka yote hii.

Niandike vizuri, maana baba anasema nitasahau. Baba alipiga saksafoni kwenye bendi ambayo ilirekodi santuri moja tu maishani mwake. Upande wa pili wa santuri hiyo kuna kipande cha saksafoni kirefu mno, kinapanda na kupanda bila kituo, mpaka msikilizaji anaanza kuvuta hewa kwa niaba ya mpigaji. Ndiyo asili ya jina Pumzi Ndefu. Na katikati, pale juu kabisa, sauti inatetemeka mara moja, kidogo tu, halafu inaendelea. Watu wameuliza kuhusu mtetemo huo hadi wamechoka. Baba hujibu, "Pale ndipo moyo ulipoingia." Tulipokuwa wadogo tulikariri jibu hilo.

Hakupiga tena baada ya hapo. Mwaka huohuo nilizaliwa mimi, mtoto wa kwanza, nikaja vibaya, na aliuza saksafoni ili mama alazwe hospitali nzuri. Hadithi hiyo nimelelewa nayo. Sikuwahi kuambiwa nimlipe, lakini nguo zake nazipiga pasi mwenyewe tangu nina miaka kumi, na nilipoachika nikarudi nyumbani sikuona ni adhabu. Niliona ndipo mahali pangu.

Machi 20

Kitabu cha tatu ni cha mwimbaji mwanamke, kajiandikia. Jina lake limebandikwa mlango wa mbele kwa herufi kubwa kama meza, yeye anaingizwa kwa mlango wa jikoni na kuambiwa asubiri karibu na masufuria mpaka aitwe. Alifanyiwa hivyo miaka kumi na tatu! Nilisoma kwa hasira.

"Soma tena hapo," akasema mama.

Niligeuka. Wiki mbili na zaidi hajatia neno. Nikasoma tena. Mama akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Baba alikuwa anatazama ukuta, ingawa hana anachokiona.

Machi 27

Leo nimeshtuka kwa namna nyingine. Vitabu viwili, mpiga ngoma mmoja. Katika kile alichojiandikia: "Niliishi kwa amani na wanangu." Katika kile alichoandikiwa, mwandishi anasema mzee yule alikuwa hajui wanawe wako wangapi, na mmoja aliwahi kumwomba saini akidhani ni shabiki tu.

"Mwongo mkubwa!" nikasema.

"Wote hao wako hivyo," baba akajibu. "Mtu akijiandikia maisha yake, usitafute alichosema. Tafuta alichoruka."

Nimeliandika hapa kwa sababu limenipendeza. Baba yangu ana akili.

Aprili 3

Siku ya sita bila jua. Makoti yananuka uvundo. Nimetukanwa na bibi harusi.

Aprili 11

Makubwa leo! Simu imepigwa kutoka redioni. Mtangazaji wa kipindi cha muziki wa zamani anataka kuja nyumbani Mei 21 kurekodi kipindi kizima kuhusu Pumzi Ndefu. Wamepata santuri isiyo na mikwaruzo. Wataipiga kipande kwa kipande huku baba akieleza alivyofanya.

Niliruka sebuleni kama mtoto. Nilidhani baba ataruka pia, jicho au hakuna jicho. Badala yake aliuliza tu, "Vimebaki vitabu vingapi?"

"Viwili."

"Basi tuharakishe. Nataka tumalize kabla hajafika."

Mama aliuliza kama mtangazaji anakunywa chai ya maziwa. Basi, ndiyo pongezi zake. Nilimkasirikia sana, nikamwambia mtu hawezi kuishi na mwanamuziki miaka yote hii halafu akawa mgumu hivyo. Alinitazama kidogo juu ya miwani. "Nipe huo mkasi," akasema.

Aprili 19

Kitabu cha mwisho. Hiki hakikununuliwa. Kilikuja kwa posta mwezi wa pili, na baba ndiye aliyeamuru kisubiri mwisho. Kimeandikwa na Parapanda.

Parapanda alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya baba. Sijawahi kumwona, yuko mbali na ni mzee sasa, lakini habari zake nimezisikia maisha yangu yote: mwenye majigambo, mdomo mchafu, hasifu mtu. Kitabu kinaanza na yeye kuzaliwa, na tayari ukurasa wa pili anatuambia mkunga alisema hajawahi kusikia sauti kama ile. Baba alicheka mpaka chai ikamwagika. Nikaona kitatupendeza hiki.

Aprili 24

Ukurasa wa themanini. Parapanda ameshagombana na watu kumi na wanne, nimewahesabu.

Aprili 28

Lazima niandike.

Nina tabia moja ninaposoma kwa sauti: mdomo uko mstari huu, macho yameshafika mstari wa tatu mbele. Ndivyo mtu anavyojua pa kupumua. Leo nilifungua ukurasa wa mia na kumi na nne, siku ya kurekodi santuri, na baba akajiweka sawa kwenye kiti. Nilianza vizuri. Chumba kidogo, joto, fundi wa mitambo mwenye haraka. Kisha macho yakatangulia yakaona jina la baba, yakaona na maneno yaliyofuata.

Sikuyasoma. Mungu anisamehe, nilitunga. Papohapo, bila kumeza mate, nilisema Parapanda ameandika: "Ndipo rafiki yangu akainuka, akapiga kwa ustadi uliotunyamazisha sote, na mimi nikajua kwamba sitawahi kumfikia." Sijui niliyatoa wapi. Nilisikia sauti yangu ikiyasema kana kwamba anaongea mtu mwingine.

Vidole vya mama vilisimama juu ya kitambaa.

"Umemaliza ukurasa?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Haya. Kesho."

Aprili 29

Nimekwenda na kitabu kazini, nikasimama nyuma ya mashine ya mvuke, nikasoma mara nne. Naandika kilichomo, labda nikikiona kwa mwandiko wangu kitapungua ukubwa.

Parapanda anasema siku ile saksafoni ya baba haikutoa sauti. Baba alijaribu mara kumi na mbili. Midomo ilikauka, jasho lilimtoka, alitoka nje akatapika kwa hofu, akarudi, ikawa vilevile. Fundi akasema anazima mitambo. Pembeni alikuwa amekaa mke wake, aliyeleta makoti ya bluu aliyowashonea. Wote walijua naye anapiga saksafoni. Alijifunza kwenye bendi ya shule, na alikuwa akifanya mazoezi nao kila jioni, baada ya kuwapima mabega. Lakini jukwaani hakupandishwa hata siku moja. Basi akainuka, akaichukua saksafoni mapajani pa mumewe, akapiga. Mara moja tu. Fundi akasema, "Hiyohiyo." Kwenye karatasi ya santuri likaandikwa jina la baba.

Wiki iliyofuata bendi ilisema mama aingie, awe wa kudumu. Baba akajibu, "Yeye au mimi." Siku ya tatu akaiuza saksafoni ili pasiwepo mtu wa kulinganisha. "Sisi alituambia ni kifua," ameandika Parapanda. "Nasikia nyumbani aliwaambia ni mtoto."

Ni mtoto. Ni mimi huyo.

Mwenzangu wa pasi aliniuliza kama nimefiwa. Nilimjibu sijui.

Mei 2

Nimesema koo limeniwasha, sisomi. Baba akasema pole. Mama akaniletea asali, nikashindwa kumtazama usoni.

Mei 5

Bado koo. Mvua haikati.

Leo niliketi nikatazama vidole vya mama. Cherehani imesimama, yeye anafikiri pa kukata, na vidole vinakwenda: cha kwanza, cha pili, vitatu pamoja, kidogo cha mwisho, tena cha pili. Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Miaka yote nimesema ni mtu asiye na subira. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikike nikilia.

Shati la baba la Ijumaa sijalipiga pasi. Amelivaa limekunjamana, hajasema kitu.

Mei 8

"Koo limepona?" Ilikuwa saa kumi kamili. Chai baba alikuwa ameshaitengeneza mwenyewe, nusu ikiwa kwenye sahani.

"Bado."

"Sikia, mwanangu. Parapanda hajawahi kunisifu mbele yangu wala nyuma yangu. Siku ile uliposoma kwamba alijua hatanifikia, nilijua umeruka. Rudi ukurasa wa mia na kumi na nne."

Nilishtuka hadi nikakaa. "Umejuaje namba ya ukurasa?"

"Alinipigia simu kabla kitabu hakijachapishwa, akanisomea ukurasa huo na kunitajia namba yake. Akasema, niuondoe au niuache? Nikamwambia auache." Alipapasa meza akitafuta kikombe. "Nimetafuta namna ya kulisema hilo jambo miaka arobaini na mitatu. Nilinunua hivyo vitabu vingine nione wenzangu walisemaje. Hakuna aliyejua. Basi nikaona lisomwe. Lisomwe hapa, na yeye yupo."

Mama alikuwepo. Alikuwa anapinda mfuko wa suruali.

Hasira ilinipanda ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia amenitumia. Nilimwambia nimempigia pasi miaka thelathini na tatu kwa ajili ya saksafoni ambayo hakuiuza kwa ajili yangu. Nilimwambia yeye ni mwoga kuliko wale wote wa vitabuni, kwa sababu wao angalau walidanganya watu wa mbali. Sijawahi kumsemesha baba yangu hivyo. Hakujitetea. Alikaa tu na shati lake lililokunjamana, bandeji imelowa upande mmoja.

"Soma," akasema mama. Hakuinua kichwa.

Nikasoma. Neno kwa neno, pamoja na kutapika, pamoja na "yeye au mimi", pamoja na mtoto. Nilipomaliza palikuwa na mvua tu juu ya bati.

"Mara tisa," mama akasema.

"Nini?"

"Alijaribu mara tisa, si kumi na mbili. Huyo Parapanda toka zamani anatia chumvi. Na makoti yalikuwa ya kijani." Akageuza mfuko, akaukagua pindo. "Kijani iliyoiva. Niliyashona mimi, siwezi kusahau."

"Nisamehe," baba akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno.

Mama alikanyaga cherehani. Alishona mpaka mwisho wa mfuko, akakata uzi. "Hilo umeniambia mimi," akasema. "Mimi nilikuwepo. Kawaambie ambao hawakuwepo."

Mei 9

Jua limetoka dakika kumi.

Mei 14

Nilimkuta mama jikoni anakatakata vitunguu, nikamuuliza kwa nini hakusema hata kwangu.

"Ningeanzia wapi? Kila aliyeingia mlango huo alimpa mkono yeye. Na wewe ulikuwa unampenda hivyo."

"Ulimsamehe?"

"Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine namzidishia chumvi kwenye mboga."

Tulicheka hadi machozi, na ya kwangu hayakuwa ya vitunguu. Kisha nikauliza kama vidole bado vinajua. Aliitazama mikono yake yenye maji ya vitunguu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Havijawahi kuacha," akasema.

Baba ametolewa bandeji. Anaona vizuri kuliko zamani, daktari anasema. Ananitazama sana, nami najua anataka niseme kitu. Shati nimelipiga pasi leo, mikono tu. Kola ajipigie mwenyewe.

Mei 20

Kesho. Baba hajala. Nimemwona mbele ya kioo akisogeza midomo. Naogopa kesho itakuwa kama siku ile ya santuri, kwamba atajaribu mara tisa na kitu kisitoke. Mama naye amefua pazia za sebuleni kwa mvua hii, hazikauki, nimezibeba kazini nikazipitisha kwenye mvuke kwa siri.

Mei 21

Mtangazaji ni kijana mwembamba, mpole, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Alimwamkia baba kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee wangu, Pumzi Ndefu mwenyewe!" Mama alimwamkia juujuu tu akampita, naye mama amebeba trei. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwa mama kama kawaida.

Kijana akapanga vyombo vyake, akaweka maikrofoni mbele ya baba, akaipiga santuri. Sikuwa nimeisikia miaka mingi. Ilipanda, ikapanda, ikafika pale juu, ikatetemeka mara ile moja, ikaendelea. Kijana akaizima, macho yanang'aa.

"Mzee, wasikilizaji wamesubiri sana. Ule mtetemo. Ulifanyaje?"

Baba akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Niliona jasho kwenye paji la uso wake, nikaona mkono wake unatafuta ukingo wa kiti, na pamoja na hasira zangu zote nilijikuta navuta pumzi kwa niaba yake.

"Sijui," akasema. "Sikupiga mimi."

Kijana alicheka kwa adabu. Alidhani ni utani wa wazee.

"Sikupiga mimi," baba akarudia, sasa kwa sauti iliyofika ukutani. "Nilishindwa. Alipiga mke wangu, nikachukua jina lake nikalivaa miaka arobaini na mitatu. Muulize yeye. Huyo hapo na trei."

Sijawahi kuona mtu akishtuka kama yule kijana. Alitazama chombo chake kuona kama taa bado inawaka. Ilikuwa inawaka. Mama alisimama mlangoni, akaniangalia mimi, nikaenda kumpokea trei. Baba aliinuka kwenye kiti akakisogeza nyuma ampishe, na mama akaketi, akakunja futi yake vizuri akaiweka mapajani.

Kijana alibabaika, akasogeza maikrofoni. "Mama... samahani... ule mtetemo. Watu wanasema pale ndipo moyo ulipoingia."

"Moyo gani?" mama akasema. "Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Nilijaza hewa yote niliyokuwa nayo, nikafika juu kabisa, na huyu hapa," akaninyooshea kidole, "akanipiga teke."

Nilikuwa nimeshika trei. Vikombe vilianza kugongana na sikuweza kuvinyamazisha. Kijana alisahau kuuliza swali lingine. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amefunika jicho lake jipya kwa kiganja.

"Irudishe," nikamwambia kijana. "Tafadhali. Irudishe hapo tena."

Akairudisha. Vidole vya mama vikaanza kwenda juu ya futi, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, na safari hii sote tulikuwa tunavitazama. Vilipofika pale juu vilisimama kidogo, vikanisubiri, halafu vikaendelea.